Spana ya Mzee Nane

Jumamosi asubuhi kulikuwa na msako bwenini. Mnajua msako ulivyo: madamu naibu anapita kitanda kwa kitanda, anatoa simu ndani ya soksi, anatoa mandazi yaliyokaa mpaka yakawa mawe, na kila mtu anajifanya anasoma Biblia. Alipofika kwa sanduku langu, wasichana wote wa kona yetu wakasogea karibu. Si ati wananipenda sana. Tangu kidato cha kwanza kuna imani hapa Bungoma kwamba sanduku la Muhindi lina dhahabu chini ya sare, na hakuna aliyetaka kuwa mbali siku itakapotolewa.

Kilichotolewa ni spana. Spana ya chuma, ndefu kutoka kiganja hadi kiwiko, nyeusi kwa grisi isiyojua sabuni.

"Hii ni nini?"

"Spana, madamu."

"Si naona ni spana! Unataka kupiga nani nayo?"

"Ni ya babu yangu, madamu. Niliachiwa."

"Kwani watu wenu si huachiana maduka?"

Kona nzima ikaanguka kwa kicheko. Hata mimi nilicheka, kwa sababu mtu akifunga bao zuri unampigia makofi hata kama wewe ndiye kipa. Akaniambia niandike barua ya kujieleza, ukurasa mmoja, niipeleke ofisini Jumatatu. Lakini kabla hajaifunga ndani ya mfuko wake, nilikuwa nimeinusa. Grisi, dizeli, na lile vumbi la mahindi makavu linalokaa kooni kama kitu unachotaka kusema. Bweni lote likaondoka. Nikawa Kiminini, niko darasa la tatu, nimekaa juu ya mlima wa magunzi, na babu yangu anakaribia kuwasha mashine.

Barua ya madamu niliandika mistari minne. Nyinyi wenzangu nawapa yote.

Wakati wa mavuno, babu yangu alikuwa mtu mkubwa kuliko Krismasi. Mimi nilimwita Dadaji, hivyo ndivyo tunavyomwita baba ya baba nyumbani kwetu. Watu wengine wote, kutoka stendi ya Kiminini hadi kwa mashamba ya njia ya Kitale, walimwita Mzee Nane. Alikuwa na vidole vinane. Viwili vya mkono wa kushoto viliingia ndani ya mashine ya kupukusa mahindi akiwa kijana, na mashine haikurudisha.

Nilimuuliza vilienda wapi. Akanitazama kwa uso wa mtu mwenye heshima zake, kilemba sawa, ndevu sawa, akaniambia, "Vilipukuswa kama mahindi. Vikaingia kwa gunia."

Mimi nikafuata njia. Gunia huenda kwa kinu, kinu hutoa unga, unga huwa ugali. Wiki nzima sikugusa ugali. Mbaya zaidi, nilimwambia rafiki yangu Naliaka, naye akakataa ugali kwao, na kwa Wabukusu mtoto akikataa ugali watu wanaanza kutafuta kadi ya hospitali. Mama Naliaka alikuja kwetu mbiombio, leso mkononi. Alikuwa akifanya kazi na Dadaji miaka mingi, ndiye aliyekuwa analisha mashine mahindi.

"Mzee Nane! Umeambia hawa watoto nini?"

"Ukweli," Dadaji akasema, na akacheka mpaka akalazimika kushika mlango wa gereji.

Mashine yenyewe aliiunda kwa mikono yake, kutokana na vyuma vya lori lililokufa. Trekta iliivuta kutoka shamba moja hadi lingine, na ikionekana barabarani tu, watoto wanaacha kila kitu wanaifuata. Shambani tayari mahindi yamerundikwa kama kilima, turubai limetandazwa, wanawake wamejifunga leso puani, wanaume wamekunja magunia mabegani. Hapo ndipo kulikuwa na kile kitu ninachotaka mkijue.

Dadaji hakuwasha mashine hivi hivi. Alichukua spana yake akagonga chuma: ngo, ngo, ngo. Akangoja. Ngo, ngo. Ukisikia hiyo, popote ulipo, hata kama umebeba chai, unaweka chini, unainua mikono yote miwili juu, unatanua vidole na unapiga kelele: "Kumi!" Yaani vidole vyangu kumi viko hapa, hakuna kidole changu ndani ya mashine. Shamba lote, wazee, wamama, watoto juu ya magunzi, mwenye shamba mwenyewe na koti lake la kanisani: "Kumi!" Dadaji alihesabu mikono moja moja, taratibu, kama mtu ana siku nzima. Akiridhika, aliinua yake, akatanua vilivyobaki, akajibu: "Na nane!"

Watu wakacheka. Kila mara. Shamba la kumi na saba la msimu, bado wanacheka kama wamesikia leo. Halafu trekta inanguruma, mshipi unazunguka, na mahindi yanaanza kumwagika kwa gunia kwa sauti ya mvua ya mawe, na mimi huku juu napiga mayowe bila sababu yoyote. Nilidhani dunia yote huwasha mashine hivyo.

Shuleni ndiko nilijua kwamba mimi ni Muhindi. Sikuwa nimejua. Nilidhani Wahindi ni wale wa Kitale mjini wenye maduka, na sisi tulikuwa na gereji yenye kuku ndani. Lakini darasani nilikuwa peke yangu mwenye hii rangi na huu msuko hadi kiunoni, kwa hivyo nikapewa kazi yote. Nilitakiwa kuwa na duka. Nilitakiwa kujua hesabu, nami nilipata thelathini na mbili kwa mia, mwalimu akanisahihishia tena akidhani amekosea kujumlisha. Nilitakiwa kunuka bizari. Kulikuwa na kijana anaitwa Brayo aliyekuwa akipita karibu na dawati langu anavuta pumzi kama mtu amefungua sufuria.

"Leo mmepika nini?"

"Wewe," nilimjibu. "Chumvi haikutosha."

Nywele ndizo zilinipa kazi zaidi, kila mtu alitaka kuzishika. Nikatangaza kwamba huu msuko ukivutwa mara tatu, aliyevuta anang'oka nywele zake zote kabla ya kufunga shule. Brayo alikuwa ameshavuta mara mbili. Muhula mzima alitembea na mikono mifukoni, na asubuhi nilikuwa namwona akijipapasa kichwa kuangalia kama bado zipo.

Na msidhani upande wetu ni malaika. Shangazi yangu wa mjini akija Kiminini alikuwa anapangusa kiti alichokalia Mama Naliaka kabla ya kukaa yeye. Siku moja Mama Naliaka aliona. Dadaji naye akaona kwamba ameona. Alitoka chini ya trekta na grisi yake yote, akakaa kwenye kile kiti, akajisugua vizuri, akainuka. "Sasa pangusa," akamwambia shangazi. Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi, na nilipelekwa jikoni.

Kuna siku Brayo, baada ya kunishinda mbio, ama nilipomshinda mimi, aliniambia mbele ya watu, "Rudi kwenu!" Mimi nikachukua mkoba nikarudi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kwetu ni dakika tano kutoka langoni, ukipita kisima. Mama alikuwa anapiga chapati, akashtuka. "Mbona uko hapa?"

"Brayo amesema nirudi kwetu."

Dadaji alicheka kwanza. Halafu kicheko kikamkatika katikati, sikujua kwa nini, akatazama chini kama mtu aliyeangusha nati. Akanawa mikono, akanishika mkono na ule wake wa vidole vitatu, tukarudi shule. Langoni akainama. "Mwambie ulienda na umerudi. Mwambie ni karibu."

Nilimwambia Brayo. Mimi mwenyewe sikujua nimesema nini. Ilikuwa tu na ladha nzuri mdomoni.

Sasa, muhula wa tatu nikiwa darasa la nne, mahindi yakiwa yamekauka shambani na kila mtu akinusa mavuno hewani, Mwalimu Simiyu akaingia darasani amebeba karatasi. Mwalimu Simiyu alikuwa mwalimu mzuri mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Akatangaza kutakuwa na Siku ya Utamaduni. Wazazi wangekuja. Wageni kutoka ofisi ya elimu wangekuja. Kila jamii ingesimama kwa mstari wake na bango lake, na kuleta vitu vitatu: chakula, wimbo, na chombo cha kazi cha mababu.

Kelele iliyotokea! Wabukusu wakaanza kugawana ngoma pale pale. Wasabaot wakasema wataleta mursik, maziwa yao ya kibuyu. Wateso wakaahidi kucheza mpaka vumbi lifike Misikhu.

"Sisi tutaleta chapati," nikasema.

Darasa likalipuka.

"Chapati ni yetu!" Brayo akasimama juu ya dawati. "Si sisi hupika Krismasi? Uliza mtu yeyote!"

"Chapati ilikuja na babu zetu," nikamwambia. "Walikuwa wameikunja mfukoni."

"Uongo! Nyinyi mlikuja na pilipili!"

"Mwalimu, ati chapati ni ya Wahindi! Mwambie atuachie hata kitu kimoja, bana!"

Mwalimu Simiyu akagonga meza. "Chapati haina kabila! Kaeni chini!"

"Na mimi nitasimama mstari gani, mwalimu?"

Akatazama karatasi yake. Ilikuwa na mistari sita. Akaigeuza, akatazama nyuma, kule hakukuwa na kitu. Halafu uso wake ukang'aa, maskini, kama mtu aliyepata suluhisho zuri kwa watu wote.

"Wewe utakaa na wageni! Pale kwa meza. Utavaa zile nguo zenu za kumetameta, halafu tukimaliza utatuchezea ile dansi ya sinema. Wageni watafurahi sana."

"Sijui dansi ya sinema, mwalimu."

"Wacha aibu. Hiyo iko kwa damu yenu."

Nitasema ukweli, mwanzoni nilifurahi. Meza ya wageni ilikuwa na kitambaa cheupe na soda, na soda shuleni kwetu ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Nilijigamba mpaka mapumziko. Ni Naliaka aliyeniharibia, chini ya tangi la maji, akiuma kucha.

"Unafurahia nini? Mgeni akimaliza kula si huenda kwao?"

"Na mimi pia nitaenda kwetu. Ni dakika tano."

"Si hiyo," Naliaka akasema. Akafikiri. "Sisi tutakuwa kwa mstari. Wewe utakuwa unatuangalia."

Hapo soda ikaisha gesi yote. Nikaamua, kwa ile akili yangu ya miaka tisa, kwamba nisiposimama kwa mstari siku hiyo, sitawahi kusimama kwa mstari wowote tena. Wangenizoea mezani.

Nyumbani hakukuwa kuzuri mwaka huo. Koo la Dadaji lilikuwa limemkatalia sauti. Daktari wa Kitale alisema ni vumbi la miaka yote hiyo, na kwamba asikaribie mashine tena. Mashine ilikuwa imefunikwa turubai nyuma ya gereji, kuku wakitaga chini yake. Dadaji alinong'ona tu, na mtu aliyezoea kuitisha shamba zima akinong'ona, unaona aibu kumsikiliza, kama umechungulia mahali.

Nikawaambia yote kwenye chai ya jioni. Baba akaweka kikombe chini. "Lakini sisi ni kabila. Serikali ilishasema. Sisi ni la arobaini na nne."

"Sisi?"

"Iko kwa karatasi."

Nilizunguka gereji mara mbili nikipiga kelele. Kabila! Kama Wabukusu! Niliporudi nilikuwa na swali: kama sisi ni wa arobaini na nne, ni nani wa kwanza, na tufanye nini muhula ujao ili tupande? Nilidhani ni kama nafasi darasani. Nilikuwa nimezoea nafasi za chini, kwa hivyo haikunisumbua. Nikapasua katoni ya mafuta ya gari, nikaandika kwa makaa, kubwa kabisa: 44.

Chakula tulikuwa nacho. Chombo cha mababu, Dadaji hakufikiri hata kidogo. Alienda ukutani akatungua spana, akaniwekea mikononi, nzito mpaka nikayumba.

"Na wimbo?" nikamuuliza.

Akainua mabega. "Tafuta," akanong'ona.

Nilitafuta siku tatu. Za kanisani kwa Naliaka nilizijua zote, lakini hazikuwa zetu. Za gurudwara, hekalu letu la Kitale, nilizijua nusu nusu kwa sababu huwa nalala. Siku ikafika sina wimbo.

Uwanja ulikuwa umejaa mpaka uani. Wazazi wamekaa kwenye nyasi, mistari sita imesimama, mabango juu, ngoma zinajaribiwa, mtu amemwaga mursik na mbwa wa shule ameona baraka. Wageni wanne walikuwa mezani, tai zimekaza. Dadaji akaingia na kilemba cha bluu, kile cha harusi. Mwalimu mmoja mgeni mgeni akamkimbilia. "Mzee, karibu, karibu. Wageni ni pale kwa meza."

Dadaji akaitazama meza. Akamtazama mwalimu. Akatikisa kichwa, akatembea pole pole hadi kwenye nyasi, akakaa kando ya Mama Naliaka, aliyemkunjulia nusu ya leso yake bila hata kugeuza shingo.

Mimi nikaenda nikasimama mwisho wa mistari, baada ya Waturkana. Mstari wa saba. Mstari wa mtu mmoja. Nikainua bango langu.

"Arobaini na nne!" Brayo akapiga kelele kutoka kwa Wabukusu. "Hiyo ni saizi ya kiatu?"

Uwanja ukacheka. Ningemjibu, nilikuwa na jibu zuri kuhusu kichwa chake, lakini Mwalimu Simiyu alikuwa ameshafika, jasho linamtoka, karatasi mkononi.

"Nilikuambia nini? Wageni wanangoja. Enda pale."

"Mwalimu, mimi si mgeni."

"Najua, najua. Lakini programu imeshapigwa chapa." Akalichukua lile bango, si kwa ubaya, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akaliweka chini ya kwapa lake akanisukuma mgongoni. Nikaenda. Spana nilikuwa nimeichomeka kiunoni chini ya mtandio, ikanigonga pajani kila hatua mpaka mezani.

Mgeni mmoja, mama mwenye miwani ya dhahabu, akaniinamia akaongea pole pole, kama mtu anayevuka mto. "Wewe... unajua... Kiswahili?"

"Kidogo," nikamjibu. "Nimezaliwa hapo Kitale, kwa hivyo bado najifunza."

"Lo! Unaongea vizuri!"

Nikanywa soda. Sikusikia utamu wowote. Wabukusu walicheza kamabeka, mabega yanaruka kama yamefungwa springi, Naliaka mbele kabisa, na mabega yangu yakawa yananiruka pale kwa kiti bila ruhusa. Niliijua. Hatua zote nilizijua. Kila mtu uwanjani alikuwa na mahali, na mimi nilikuwa na soda.

Halafu sauti ya Mwalimu Simiyu ikapasua spika. "Na sasa, wazazi wapendwa, burudani moja kwa moja kutoka India!"

Spika ikaanza kulia wimbo fulani wa sinema ambao sijawahi kuusikia maishani. Nikasukumwa katikati. Simu zote zikapanda juu. Nikasimama. Wimbo ukaenda, mwanamke ndani ya spika akaimba kitu cha huzuni, mimi nimesimama kama kigingi.

"Cheza, Muhindi!" mtu akaita.

"Zungusha shingo!"

"Anaona haya, mpigieni makofi!"

Na makofi yakaanza, ya upole kabisa, na huo upole ndio ulikaribia kunitoa machozi. Nikamtafuta Dadaji. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama kengele ya shule, ile rimu ya lori iliyoning'inia kwa nguzo kando ya ofisi. Yeye ndiye aliyeitoa kwa lori lile lile lililokufa, akaipa shule, akaitundika.

Sikufikiri. Nilikimbia. Mtandio ukabaki nyuma, nikachomoa spana kwa mikono miwili na nikapiga ile rimu kwa nguvu zangu zote.

Ngo, ngo, ngo.

Nikangoja.

Ngo, ngo.

"KUMI!"

Sijawahi kusikia kitu kama hicho tena. Nyasi zote ziliinuka. Mikono, mikono, mikono, vidole vimetanuka juu kama shamba lililochipuka mara moja. Wamama waliangusha mikoba. Mzee mmoja alitupa mkongojo. Waliokuwa wanarekodi waliinua mikono na simu zao zikarekodi mawingu. Kijana wa spika aliinua yake, akang'oa waya wa muziki, na yule mwanamke wa sinema akanyamaza katikati ya huzuni yake. Wabukusu, Wateso, Wasabaot, mistari yote sita mikono juu, na Brayo ndiye aliyetanua vidole kuliko wote, kwa sababu kila Desemba alikuwa akikaa na mimi kwenye magunzi. Na sauti kubwa kuliko zote ilitoka kwa spika, kwa sababu Mwalimu Simiyu alikuwa ameinua mikono miwili, maikrofoni ikiwa bado mkononi, bango langu na programu yake vimeanguka chini na upepo unaondoka na programu. Hata yeye alikulia huko huko. Hata yeye aliwahi kubeba magunia ya Mzee Nane.

Halafu vichwa vyote vikageuka. Kwa sababu bado kuna jibu, na kila mtu alijua ni la nani.

Dadaji akasimama. Mama Naliaka akamshika kiwiko. Akainua mikono yake, akatanua vilivyobaki, akafungua mdomo. Midomo ikaenda. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, na nikaona shingo yake inavyovutika, na uwanja mzima mikono juu ukimngoja, hakuna hata mmoja aliyeishusha.

Nikaangusha spana. Nikainua mikono yangu, nikakunja vidole viwili vya kushoto, vile vile vyake, nikapiga kelele mpaka koo likaniuma:

"Na nane!"

Wakacheka. Kile kile kicheko cha shambani, cha watu wote pamoja, kama wamesikia leo. Mama Naliaka alicheka akilia. Naliaka akanirukia shingoni. Brayo aliokota bango langu, akalipangusa vumbi kwa shati lake, akaniletea. "Lakini chapati ni yetu," akasema.

Dadaji aliniita kwa kidole. Nikaenda nikiruka, nikingoja sifa. Akanivuta sikio karibu na ndevu zake.

"Umejibu kabla ya kuhesabu," akanong'ona. "Wanne hawakuinua."

Nikageuka. Uwanja wote ulikuwa bado unacheka na kupigana makofi mabegani, na pale kwenye kitambaa cheupe wale wanne walikuwa wamekaa mikono chini, wakitazamana, wakitutazama, wakitabasamu lile tabasamu la mtu ambaye hajaelewa lakini hataki kuharibu. Yule mama wa miwani ya dhahabu alikuwa ameinua mkono mmoja nusu, akaurudisha.

"Dadaji, wale ni wageni. Hawajui."

"Basi si uwafundishe?"

Nikaokota spana. Nilitembea katikati ya uwanja, sikukimbia, na watu wakanipisha njia. Nikafika mezani, nikagonga mguu wa meza, chupa za soda zikaruka.

"Karibuni Kiminini," nikawaambia. "Mikono juu."